Macho mekundu ya mama mkwe

"Shangazi, shikamoo. Nina miaka 28, naishi Nyakato, Mwanza. Mchumba wangu ameniacha tangazo la ndoa likiwa limesomwa Jumapili mbili. Ni mvuvi wa dagaa. Kila mwezi alikuwa anapotea wiki mbili, usiku simu hapokei, anarudi mbalamwezi, nikajua ana mwanamke. Mama yake wa Sengerema anabanika samaki, hakunipenda tangu mwanzo. Macho yake mekundu muda wote, na mtumishi mmoja wa Mungu alinionyesha kuwa mwanamke mzee amesimama kwenye ndoa yangu. Niliwashirikisha wenzangu wa kwaya tu, waniombee. Nisome andiko gani, nifunge siku ngapi, nipate faraja?"

Marahaba mwanangu. Pole sana. Kuachwa tangazo likishasomwa ni aibu mara mbili, maana hata muuza nyanya wa getini anajua. Lia, machozi si dhambi. Lakini barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nikiisoma anayenitia huruma zaidi si wewe.

Tuanze na jepesi. Mimi nimekulia Kirumba, jirani na soko la samaki la Mwaloni. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mwezi ukiwa mkubwa taa haifui dafu, wavuvi wanapumzika, wanashona nyavu, wanarudi mjini kwa wachumba zao. Sasa anayepotea giza likiingia na kurudi mbalamwezi, huyo mwanamke wake ni nani kama si ziwa? Usiku ameshika nyavu, wewe unataka ashike simu!

Hilo lingesameheka. La mama yake ndilo limenikalisha chini.

Wewe ni mtoto wa Kanda ya Ziwa. Unajua macho mekundu ya bibi yameleta nini huku kwetu. Vikongwe wamekatwa mapanga usiku ndani ya nyumba zao, kosa lao macho, eti ni ya kichawi. Na wekundu huo ni moshi: kuni mbichi, kinyesi cha ng'ombe kikavu, jiko lisilo na dirisha. Huyo mama juu ya hayo anabanika samaki. Kijana unayemlilia, pengine hata daftari zake za shule zilinunuliwa na moshi huo huo.

"Wenzangu wa kwaya tu." Hiyo "tu" yako ina watu wangapi? Kila mmoja ana simu, na hakosi ndugu ng'ambo ya Busisi, upande wa Sengerema. Wewe unaliita ombi, mwenye mama kalisikia kuwa ni uchawi. Ningekuwa yeye, na mimi nisingengoja Jumapili ya tatu.

Na huyo mtumishi! Ndoa za siku hizi zina watabiri wengi kuliko washenga. Mshenga alikwenda hadi kwenu, akala ugali wenu, akaona mnavyosemeshana, ndipo akarudi na neno. Huyu kakaa kwenye kiti cha plastiki kaona "mwanamke mzee". Mwanaume gani hana mama, bibi wala shangazi? Unabii wa namna hiyo hata mimi nautoa nikiwa nachambua mchicha.

Andiko uliloomba ni Zaburi ya 34, Bwana yu karibu nao waliovunjika moyo. Ni lako, lisome. Ila tangulia Mathayo 5, pale Yesu anapomwambia mtu aiache sadaka yake madhabahuni, akapatane kwanza na ndugu yake. Kufunga nako ni sadaka. Usifunge hata siku moja kabla hujasimama mbele ya kwaya hiyo hiyo, mazoezini, ukasema kwa sauti kwamba ulimsingizia mama wa watu.

Kisha mwombe mama mchungaji akusindikize Sengerema. Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa tangu 2025, kilomita 3 tu juu ya maji, huna kivuko cha kusingizia. Habari za kijana usiulize. Akirudi ni shauri lake, na kusema kweli sidhani. Ukimkuta mama anabanika, usingoje kuletewa kigoda kivulini. Kaa naye upande wa moshi.