Kipimo cha moyo kwenye baiskeli ya kuegemea: muandae mgonjwa miguu mapema

Kwa miaka niliyokaa kwenye chumba cha kupimia moyo, kitu kinachoniuma zaidi ni kipimo kukatika kabla moyo haujafika tunapotaka, kisa miguu imechoka. Kuna mama mmoja wa miaka 60, tulianza na mzigo wa wati 25 kwenye pedali tukawa tunaongeza 25 kila baada ya dakika mbili, mapigo yake yalitakiwa yafike 136 (yaani 220 toa umri, halafu asilimia 85 ya hiyo), yalipogonga 112 mapaja yakagoma kabisa. Akarudi siku nyingine kupimwa kwa dawa ya kupitisha kwenye mshipa badala ya kukanyaga. Akaniuliza, mwanangu mbona hamkuniambia ni kazi ya mapaja? Sikuwa na jibu.

Tangu siku hiyo namwambia kila mgonjwa mapema: hapa umeegemea, uzito wa mwili haukusaidii kukanyaga pedali, miguu itawaka moto na hiyo haimaanishi moyo wako mbovu, ila maumivu ya kifua au kizunguzungu niambie hapo hapo usivumilie. Halafu namwacha azungushe bila mzigo kama dakika moja ashike mwendo wa mizunguko 60 kwa dakika. Kiti nakirekebisha mpaka goti libaki limekunjwa kidogo pedali inapofika mbali, mikanda ya miguu inabana vizuri, na mikono isikamate vishikio kwa nguvu maana ukikaza mikono presha nayo inapanda.

Kitanda chenyewe chenye hizo pedali kinalazwa upande wa kushoto ili moyo usogee karibu na ukuta wa kifua tupate picha nzuri za eko (ultrasound ya moyo) akiwa bado anakanyaga. Mwambie kabla hujakilaza jamani, mtu ambaye hajaambiwa anadhani anaanguka, mapigo yanaruka hata kabla hajaanza. Kushusha pumzi na kuibana kidogo wakati wa picha mfanyie mazoezi akiwa ametulia, akishaanza kuhema hawezi kujifunza kitu kipya.

Simu ya siku moja kabla inaokoa mengi: asile chakula kizito masaa matatu manne kabla, kahawa na vinywaji vyenye kafeini aache, avae viatu vya kufunga, na kina mama waambiwe kabisa kwamba watavua juu na kuvaa gauni la mbele wazi, wasije wakashtukia chumbani. Mwenye kisukari na mwenye pumu waongee na daktari kuhusu dawa zao, na pampu ya pumu aje nayo.

Dawa za kushusha mapigo kama atenolol au bisoprolol ndo zinaleta shida, kuna wakati daktari anataka zisimamishwe na kuna wakati anataka mgonjwa apimwe akiwa anazitumia, kwa hiyo muulize daktari aliyeagiza kipimo, mgonjwa asijiamulie kuziacha. Dawa za nguvu za kiume nauliza faragha mlango umefungwa, kwa sababu kifua kikimbana na tukampa ile dawa ya chini ya ulimi (nitroglycerin), zikikutana presha inaweza kuporomoka vibaya, na mbele ya mke au mtoto wake mzee hawezi kukujibu ukweli.

Mkimaliza asiinuke ghafla, azungushe taratibu bila mzigo halafu apumzike huku mnaangalia ECG (umeme wa moyo) na presha mpaka virudi, na mimi hapo ndo namuuliza tena, kilichokusimamisha ni miguu, pumzi au kifua? Jibu lake naliandika kwenye ripoti kama alivyolisema.