Usianze na Nadharia, Anza na Shairi

Juzi mdogo wangu mmoja anayesoma chuo Iringa ameniandikia: “Dada, nimepewa shairi huru, lisilofuata vina na mizani, nilihakiki, nitumie nadharia gani?” Kila nikisikia swali hilo naikumbuka kazi yangu iliyorudi na wino mwekundu: “Nadharia iko wapi?” Nilikuwa nimehakiki mistari mitatu ya kijana wa Rungwe, aliyekulia kwenye mashamba ya chai:

Nimechuma kijani
nimelipwa kwa kilo
mgongo haukupimwa

Aliyesahihisha alitaka waasisi wa nadharia na mihimili yake, yaani hoja zake kuu, kwanza, shairi baadaye. Mimi nilianza na shairi. Alama zile bado zinaniuma, kwa sababu najua nilichokiona.

Hesabu mizani, yaani silabi: mshororo wa kwanza 7, wa pili 7, wa tatu 8. Hakuna vina, lakini mzigo umezidi palepale mgongo unapotajwa. Tazama na vitenzi. “Nimechuma”: mtu anatenda. “Nimelipwa”: anatendwa. “Haukupimwa”: mtu mwenyewe hayupo tena, umebaki mgongo, na aliyepaswa kuupima hatajwi. Hapo Umarx, nadharia inayouliza nani anafanya kazi na nani anafaidika, unaingia bila kuitwa, maana kilichowekwa kwenye mzani ni majani, si jasho. Shklovsky, mhakiki wa Kirusi, naye aliandika mwaka 1917 kwamba sanaa hukifanya kitu tulichokizoea kionekane kigeni; baada ya shairi hili huwezi tena kuutazama mzani wa chai kama zamani.

Mwezi uliopita niliusoma uhakiki uleule mbele ya walimu wa Kiswahili hapa Mbeya. Walibishana juu ya mgongo ule mpaka taa zikawashwa. Wengi walisema mchumaji ni mama. Mmoja akasema ni baba yake kabisa. Shairi lenyewe halisemi, kwa kuwa “ni-” haina jinsia. Kwa hiyo ukitumia Ufeministi, nadharia inayotazama nafasi ya mwanamke, hapa, andika kwamba jinsia imetiwa na msomaji, kisha uliza kwa nini wengi wetu tulimwona mama.

Mshairi Kezilahabi alipotoa Kichomi, diwani yake ya mashairi huru, mwaka 1974, wapo waliokataa kuyaita mashairi kwa kuwa vina na mizani havikufuatwa. Walikuja na kanuni mkononi kabla ya kusikiliza. Ndugu zangu tunaotaka kuwa wahakiki, anayebandika nadharia juu ya shairi asilolisoma vizuri anafanya vilevile, na anamdhulumu mshairi. Nalisema hili kwa uchungu. Tusikubali kufundishwa uvivu huo, wala tusiwafundishe wengine.

Basi mdogo wangu, lisome shairi lako kwa sauti. Weka alama palipokukwaza, halafu tafuta nadharia inayouliza kuhusu hapo hapo. Moja inatosha. Mwalimu wako akidai mihimili, mpe, ila kila mhimili uambatanishe na mshororo unaouhusu. Usio na mshororo uache, hata kama umo kwenye notisi.