Gitaa la Kijipsi la Zamani: Kabla Hujatoa Hela

Kama umependa mlio wa Django Reinhardt, mpiga gitaa wa jazi ya kijipsi (ya Waroma wa Ulaya), na unataka gitaa la aina yake, Selmer yenyewe iache tu. Kampuni hiyo ya Ufaransa ilianza kuyatengeneza mwaka 1932 kwa usanifu wa Muitaliano Mario Maccaferri, ikaacha 1952, na yote kwa jumla hayakufika 1,000. Leo moja tu ni bei ya gari, tena si gari bovu.

Mimi huwaelekeza watu kwa mafundi wadogo wenye asili ya Italia waliofanya kazi Paris: Busato, Favino, Di Mauro. Walifuata umbo la Selmer, ila kila mmoja akatia lake. Di Mauro alitengeneza hata yenye tundu la sauti la umbo la moyo. Nilipoliona nilidhani ni pambo la ukutani. Nilipolikung'uta, sauti ikatoka kavu, kali, ya kupenya katikati ya fidla na besi bila spika yoyote.

Sasa ukaguzi. Inua gitaa, funga jicho moja, tazama shingo kama mtu anayelenga bunduki. Mengi ya zamani hayana chuma cha kurekebishia shingo, kwa hiyo iliyopinda ni kazi ya fundi, na fundi wa kazi hiyo si wa bei ya chee. Kisha kagua uso, yaani ubao wa mbele. Mkunjo mdogo karibu na kidaraja cha nyuzi umewekwa makusudi, usikutishe. Cha kuogopa ni uso uliozama. Gonga taratibu kwa kidole: ukisikia kitu kinachakacha ndani, kuna ubao uliobanduka gundi.

Kidaraja chenyewe hakijagundishwa, kinashikiliwa na nyuzi tu. Kwa hiyo badilisha uzi mmoja mmoja. Ukizitoa zote kwa pigo moja kitahama, na utashinda jioni nzima ukikisogeza nywele kwa nywele hadi freti ya 12 (kipande cha chuma cha 12 shingoni) ikubali kulia sawa. Tena funga nyuzi nyembamba za jazi ya kijipsi. Zile nene za gitaa la kawaida zitauelemea uso.

Ukikutana na gitaa la plastiki lenye jina la Maccaferri, si feki. Alihamia Marekani, na mwaka 1953 akaleta magitaa ya plastiki. Nunua kama unakusanya vya ajabu. Kama unajifunza rithimu ya kijipsi, tafuta la mbao.