Digrii ya University of London kupitia Coursera, Bongo itakubalika?

Mdogo wangu umeuliza kama ile BSc ya kompyuta ya University of London inayosomwa kupitia Coursera, ule mtandao wa kozi za vyuo, ukiipeleka kwenye ajira hapa Bongo watakucheka. Hawakucheki. Coursera pale ni kama basi tu, anayetoa digrii ni chuo chenyewe, na wale jamaa wanasomesha watu wa mbali toka 1858, hata Mandela alisoma sheria kwao akiwa gerezani. Ishu ni TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, maana kazi za serikali au ukitaka kuunga masters hapa nyumbani wataulizia barua ya TCU ya kutambua hiyo digrii ya nje, kwa hiyo kabla hujalipa hata shilingi waandikie, taja programu yenyewe kwa jina na kwamba unasoma mtandaoni, sio kutaja chuo tu, na jibu liwe la maandishi usikubali la simu. Halafu usichanganye digrii na vile visertifiketi vya wiki chache, humohumo vimejaa tele, hivyo sio digrii. Kampuni binafsi za IT ni stori nyingine, wengi wanataka kuona miradi yako GitHub, ule mtandao ambako watu huweka kodi za programu zao. Na cheti cha fomu siksi kitunze aisee.