Vidonge vya nyumba moja: kipi kipondwe, kipi kiachwe

SWALI: Shikamoo daktari. Naishi Mikindani na mama mkwe wangu, ana miaka 76, mgonjwa wa presha. Tangu Ramadhani iliyopita vidonge vinamkwama kooni, kwa hiyo navitwanga vyote pamoja kwenye kinu kidogo cha vitunguu saumu, namtilia kwenye uji. Mwanangu wa miaka mitatu akishikwa na homa nampa nusu ya panadoli ya wakubwa, na kisu chenyewe hakikati sawa. Mimi natumia metformini ya sukari, vidonge vikubwa kama korosho, navunja katikati ndipo nimeze. Je, nakosea? Na nusu inayobaki naihifadhije?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Kwanza nivue cheo ulichonivika. Mimi si daktari, ni mfamasia, yule wa dirisha la dawa mnayemfikia mkiwa mmeshachoshwa na foleni. Hapo hakuna anayeuliza kitu. Mtu anapokea bahasha iliyoandikwa 1x2, anaaga, na maswali yanamjia akiwa jikoni.

Nianze na mama mkwe, maana kwake ndiko kwenye hatari.

Kidonge cha kawaida kikifika tumboni kinamumunyuka na dawa yote inatoka. Lakini kuna vidonge vilivyotengenezwa viachie dawa kidogo kidogo kwa saa 12 au hata 24. Nifedipini ya presha ya miligramu 20, ile ya asubuhi na jioni, mara nyingi ni ya namna hiyo. Ukiitwanga, dawa iliyokusudiwa kutoka nusu siku nzima inaingia kwenye damu kwa mkupuo. Presha inaporomoka, kichwa kinazunguka, na mzee akiinuka kitini anaanguka.

Hili silisemi kwa kusoma tu. Kabla sijasomea kazi hii nilimtwangia bibi yangu, kule Kitangari, kidonge hichohicho, tena kwa jiwe. Tulimkuta chini karibu na mtungi wa maji, paji la uso limechanika. Nyumba nzima tukasema presha imempanda. Kumbe imeshuka, na aliyeishusha ni mimi.

Basi leo jioni toa paketi zake zote uzisome. Ukiona baada ya jina la dawa kuna herufi SR, XR au MR, au neno Retard, hicho hakitwangwi, na usikikate mpaka mtaalamu akuambie kinakatika. Ukiona EC, kina gamba la kukivusha tumboni kikiwa kizima. Aspirini ndogo ya moyo mara nyingi iko hivyo. Omeprazoli ya vidonda vya tumbo ni kapsuli yenye punje ndogo ndani. Kapsuli inaweza kufunguliwa na punje zikamezwa kwa kijiko cha kitu laini, ila zisitafunwe wala kusagwa, kwa sababu asidi ya tumbo itaiharibu dawa kabla haijafanya kazi. Kama presha yake anatumia amlodipini ya kawaida, hiyo haina neno: iponde katikati ya vijiko viwili, changanya na maji kidogo, anywe papo hapo.

Ukikuta ni nifedipini, tafadhali usimwachishe dawa. Mrudishe kliniki yake ya presha, iwe hospitali ya Ligula au kituo chenu, useme waziwazi kwamba hawezi kumeza. Dawa ya kubadilishia ipo.

Kinu kirudishe kwenye vitunguu. Mabaki ya dawa ya jana yanakaa kwenye vijitundu vyake, na leo yanaingia kwenye dawa nyingine. Uji nao una hila yake: akinywa nusu bakuli akashiba, amekunywa nusu dozi, na wewe umetiki moyoni kwamba kameza. Dawa iliyopondwa itie kwenye kijiko kimoja tu cha uji uliopoa, aimalize, kisha ndipo umwekee bakuli lake.

Kabla hujaponda chochote, jaribu hili. Mate hupungua uzeeni, mdomo unakauka, na baadhi ya dawa huuzidisha ukavu. Anywe kwanza mafunda mawili ya maji, kisha kidonge, kisha maji tena, akiwa ameketi wima. Wengi hurusha kichwa nyuma kama kuku anywapo maji. Kwa kapsuli hilo ni kosa, kwa sababu kapsuli ni nyepesi, inaelea. Akiinamisha kidevu kuelekea kifuani, kapsuli inaelea upande wa koo na inashuka na funda la maji. Asilale mpaka ipite nusu saa hivi.

Lakini kama hata maji matupu yanampalia, au maneno yameanza kuwa mazito, au mdomo umeenda upande, achana na ushauri wangu wa vijiko. Mpeleke hospitali saa hiyohiyo. Mgonjwa wa presha akianza ghafla kushindwa kumeza, huenda amepata kiharusi.

Na anapolalamika magoti, usimnunulie diklofenaki. Inapandisha presha, inaelemea figo ambazo kwa umri wake zimeshachoka, na ikikutana na baadhi ya dawa za presha madhara ni makubwa zaidi.

Sasa mtoto. Mtoto si nusu ya mtu mzima, tunampimia kwa kilo. Panadoli ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, zisipite dozi nne kwa siku, na kati ya dozi na dozi zipite saa nne mpaka sita. Tuseme ana kilo 12: dozi yake ni miligramu 120 hadi 180. Nusu ya kidonge cha 500 ni 250, na ile nusu yako “kubwa kidogo” ni zaidi. Siku moja haitaonekana kitu. Siku tatu mfululizo, mtoto hali vizuri, ini lake linalipa. Nunua ya maji. Nyingi huandikwa 120 kwa mililita 5, kwa hiyo kwake ni mililita 5 mpaka 7.5. Pima kwa sirinji isiyo na sindano, si kwa kijiko cha chai, maana vijiko vya chai vya nyumba moja havilingani, sembuse vya mtaa mzima. Chupa itikiswe kwanza.

Kilo zake ziko kwenye kadi ya kliniki, ila usichukue za mwaka jana. Mama mmoja aliwahi kuniambia alimpima mwanawe kwenye mizani ya korosho ya chama cha msingi. Nilicheka, kisha nikamwandikia dozi kwa kilo hizo. Angalau zilikuwa za wiki ileile.

Homa ikiendelea, apimwe malaria kabla ya kupewa mseto. Akikutwa nayo, mseto kwa kilo zake ni kidonge kimoja kila dozi, na huo unaruhusiwa kupondwa kwenye maji. Dozi ya pili ni saa nane baada ya ya kwanza: akianza saa 2 asubuhi, ya pili ni saa 10 jioni, kisha kuanzia kesho yake kila saa 2 asubuhi na saa 2 usiku mpaka zitimie sita. Mseto unataka mafuta ili mwili uufyonze. Uji wenye tui la nazi unatosha, au maziwa. Korosho nzima usimpe, atapaliwa. Akitapika kabla ya nusu saa, rudia dozi.

Kwako wewe jibu ni fupi. Metformini ya kawaida ivunje, imeze katikati ya chakula. Yenye XR imeze nzima. Ikikushinda, omba uandikiwe ya kawaida. Wanaotumia XR wakiona ganda laini chooni wasishtuke, dawa ilishatoka, limebaki koti.

Kuhusu nusu inayobaki: kata kidonge chenye mstari katikati tu, kata kimoja kwa wakati, na hiyo nusu iwe dozi inayofuata. Iweke kwenye kikopo kikavu chenye kifuniko, kabatini, mbali na mkono wa huyo wa miaka mitatu. Friji hapana. Kwa unyevu wa pwani yetu, kidonge kikitolewa friji kinatoka jasho, na kesho yake utakikuta kimekuwa unga.