Maswali ya Wasomaji: Kunyooshwa Uti wa Mgongo Siku ya Mbio

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi ni mkazi wa Arusha, na ninajiandaa kwenda Afrika Kusini kukimbia mbio ndefu za Comrades, kati ya miji ya Durban na Pietermaritzburg. Wenzangu waliowahi kushiriki wananiambia kwamba huko wapo matabibu wa kairopraktiki, wale wanaonyoosha uti wa mgongo na viungo kwa mikono hadi vikalia. Mimi kiuno hunibana kila nikipita kilomita 30. Je, hao ni madaktari? Na je, ninyooshwe alfajiri ya mbio ili nikimbie vizuri zaidi?

JIBU: Nianze na swali lako la pili, ambalo jibu lake ni hapana. Mwili ambao haujawahi kunyooshwa haufai kufanyiwa hivyo kwa mara ya kwanza saa chache kabla ya kukimbia karibu kilomita 90, kwa kuwa tiba hiyo yenyewe inaweza kuacha maumivu ya siku moja au mbili, nawe hutajua kama kinachokuuma njiani kimeletwa na barabara au na mikono ya tabibu. Ushahidi kwamba humwongezea mkimbiaji kasi ni haba. Wenye nguvu zaidi ni ule unaohusu kupunguza maumivu ya kiuno. Na ule mlio usikuvutie sana: si mfupa unaorudi mahali pake, bali ni gesi iliyomo katika majimaji ya kiungo.

Kuhusu udaktari, hao si madaktari wa tiba ya kawaida. Fani yao ilianzishwa na Daniel David Palmer huko Davenport, Marekani, mwaka 1895, na imekuwa ikibishaniwa tangu hapo. Hata hivyo, Afrika Kusini hufundishwa chuo kikuu, na wahitimu husajiliwa kisheria. Wanafunzi wa fani hiyo wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Durban wamewahudumia wakimbiaji wa Comrades, na katika Olimpiki ya majira ya baridi ya Vancouver, mwaka 2010, huduma hiyo iliwekwa ndani ya zahanati ya kijiji cha wanamichezo.

Kwa maoni yangu, thamani ya tabibu huyo siku ya mashindano iko katika kutambua mwili ambao hapaswi kuugusa. Mkimbiaji anapoletwa akichechemea, jambo la kwanza ni maswali: uko wapi sasa hivi, umekunywa nini, umekojoa lini, na mkojo ulikuwa wa rangi gani? Anayejibu ovyo huku akitapika huenda amekunywa maji mengi mno hadi chumvi ya damu ikashuka. Mwenye mkojo wa rangi ya kahawia huenda misuli yake imeharibika kiasi cha kuhatarisha figo. Wote wawili hupelekwa kwa daktari mara moja. Anayeumia ugokoni, mahali pamoja panapoweza kuonyeshwa kwa ncha ya kidole, hushukiwa kuwa na ufa katika mfupa, naye hanyooshwi. Wanaobaki ni wenye mashavu ya miguu na nyonga zilizokakamaa, na hao kwa kawaida huhitaji kukandwa na kunyooshwa misuli taratibu. Shingo iachwe: kuipinda kwa nguvu kunaweza, ingawa ni nadra, kuchana mshipa wa damu uendao kwenye ubongo na kuleta kiharusi.

Kwa kiuno chako, mwone mtaalamu wa fiziotherapia miezi miwili au mitatu kabla ya safari, na umweleze kama mwaka huo mbio zinatoka Pietermaritzburg kushuka Durban, maana mteremko wa Fields Hill huwatesa waliokwisha kuchoka kuliko mlima wowote. Maumivu yakishuka mguuni pamoja na ganzi, au ukishindwa kuzuia mkojo, nenda hospitali siku hiyohiyo.

SWALI: Timu yetu ya mtaani, Mombasa, haina tabibu. Je, mkandaji wetu aweza kukaa benchi?

JIBU: Akae, lakini awepo pia mtu aliyefunzwa huduma ya kwanza, na yeye ndiye atangulie uwanjani. Mchezaji aliyegonga kichwa au anayelalamikia shingo asikandwe wala asiinuliwe. Kichwa chake kishikiliwe kisitikisike hadi gari la wagonjwa lifike. Mkandaji ana kazi ya kutosha kesho yake, miguu ikiwa imechoka tu.