Mwanangu anatishiwa kwa video ya utupu, nilipe yaishe?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Kihonda, Morogoro, nauza chakula stendi. Mwanangu wa kiume ana miaka 16, yuko kidato cha tatu. Juzi niliona salio la kwenye simu yangu limepungua, nikakuta miamala miwili kwenda namba nisiyoijua, 40,000 na 45,000. Nilipombana alilia sana, ndipo akasema. Kuna msichana alimwomba urafiki Instagram, wakahamia WhatsApp, usiku wakapigiana simu ya video. Akamshawishi avue nguo, kumbe anamrekodi. Muda si mrefu akatumiwa hiyo video pamoja na orodha ya majina: wanafunzi wenzake, mwalimu wa kwaya, na mimi mama yake. Akaambiwa atume hela, la sivyo inasambazwa. Sasa wanataka 300,000 kabla ya Jumamosi. Baba yake ni dereva wa lori, ni mkali, anarudi Ijumaa na hajui kitu. Simu nimemnyang'anya, nataka niivunjevunje. Mtoto amenitia aibu, Shangazi. Hela ya kikoba ninayo. Nilipe yaishe?

Mama wa Kihonda

Marahaba, mwanangu. Pole sana.

Usilipe. Hata shilingi moja. Hela ya kikoba iache ilipo. Tazama mwenyewe: alidai mara ya kwanza akapewa, akadai mara ya pili akapewa, sasa amerukia 300,000. Kila muamala unamwambia kwamba nyumba hii ina hela na ina hofu. Na unachotaka kukinunua hakinunuliki, maana hata akikuapia kwamba ameifuta, nakala anayo. Ukilipa leo, wiki ijayo atarudi. Mwanao asimjibu tena kwa lolote: asimbembeleze, asimtukane, asiombe siku za nyongeza.

Na simu usiivunje. Hasira yako naielewa, lakini ushahidi wote umo ndani ya hiyo simu. Kaa na mwanao mezani, mlango umefungwa, muifungue pamoja. Pigeni skrinishoti ya jina la akaunti ya Instagram herufi kwa herufi, mnakili na kiungo chake, kwa sababu hawa watu wakishtuka hubadilisha jina. Pigeni ya namba ya WhatsApp. Pigeni ya meseji za vitisho, tarehe na saa zionekane. Kwenye simu yako wewe, zile SMS mbili za miamala zina namba ya kumbukumbu na jina la aliyepokea, usizifute. Mkimaliza hapo ndipo mripoti akaunti ndani ya Instagram na WhatsApp, kisha mumbloku. Wengi huanza kwa kufuta mazungumzo yote kwa hofu, wakifika polisi hawana cha kuonyesha.

Hiyo video usimtumie mtu yeyote. Usimtumie dada yako wala mchungaji, hata kwa nia ya kuomba ushauri. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 imeweka kusambaza picha za ngono za mtoto kuwa kosa la jinai. Polisi wakiihitaji wataiona kwenye simu yenyewe.

Sasa tumzungumzie kijana, maana hapo ndipo roho yangu ilipo. Umeandika kwamba amekutia aibu. Mwanangu, naomba neno hilo usilitamke mbele yake. Huyo mhalifu hana bunduki wala hajui mlango wenu. Mtaji wake wote ni aibu ya mtoto na imani ya mtoto kwamba nyumbani wakijua, maisha yamekwisha.

Machi 2022, huko Michigan, Marekani, kijana wa miaka 17 aliingia kwenye mtego huuhuu: akaunti ya Instagram yenye picha za msichana, picha moja ya utupu, kisha madai ya hela. Alilipa, wakataka zaidi. Alijiua usiku uleule, wazazi wake wakiwa hawajui chochote. Waliokuwa wakiiendesha akaunti hiyo walikuwa wanaume wawili, ndugu, wakiwa Lagos, Nigeria. Walikamatwa, wakapelekwa Marekani, na Septemba 2024 kila mmoja akahukumiwa kifungo cha miaka 17 na nusu.

Nimekusimulia habari hiyo nzito ili ujue uzito wa kilichotokea kwako: wako amesema. Amesema kwa kubanwa, ni kweli, lakini amesema. Siku hizi chache asilale peke yake chumbani, na usiondoke kwenda stendi ukamwacha peke yake nyumbani. Ukiona hataki kula, hazungumzi, anagawa vitu vyake, au ametamka kwamba bora afe, usisubiri kupambazuke, mpeleke hospitali.

Mwite, umwambie kwa maneno yako mwenyewe, lakini yawe na uzito huu: "Umetapeliwa na mtu mzima anayeifanya kazi hiyo kila siku. Kosa ni lake. Hata hiyo video ikifika kwa nani, wewe ni mwanangu, na asubuhi yake nitakupikia chai kama kawaida." Kisha nyamaza. Usimhoji alivua nini wala alikaa vipi; hayo hayakusaidii wewe na yanamvunja yeye. Habari ya kuchukua hela kwenye simu yako ni kosa lake kweli, nayo itazungumzwa, lakini mwezi ujao, si leo. Leo badilisha namba ya siri.

Usimwone mjinga pia. Wanaofanya kazi hii huwa na kipande cha video ya msichana kilichorekodiwa zamani, wakakicheza ili mtoto aamini anaongea na mtu hai. Kabla ya hapo wanakuwa wameshapitia orodha ya marafiki zake, na ndiyo maana waliweza kumtajia mwalimu wa kwaya kwa jina. Haraka ya kumhamisha kutoka Instagram kwenda WhatsApp ni sehemu ya kazi: huko wanapata namba yake ya simu, na huko hakuna anayewaona. Kuhusu ukubwa wa tatizo, utafiti wa ECPAT (mtandao wa mashirika yanayopinga unyonyaji wa kingono wa watoto), INTERPOL na UNICEF uliotolewa mwaka 2022 ulikadiria kwamba katika mwaka mmoja watoto wapatao 200,000 wa Tanzania, wa miaka 12 hadi 17, walipatwa na unyanyasaji au unyonyaji wa kingono kupitia mtandao. Darasani kwake huenda yuko mwingine aliyenyamaza.

Kesho asubuhi nendeni kituo cha polisi, mkaulizie Dawati la Jinsia na Watoto. Mtoto asisimulie mambo haya kaunta mbele ya watu. Una haki ya kuomba chumba, na ukikutana na askari anayemkemea kijana badala ya kumsikiliza, omba umwone msimamizi wake. Usiondoke bila RB, ile namba ya taarifa yenu kwenye kitabu cha polisi. Kama unaogopa kwenda moja kwa moja, piga 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto. Ni bure, usiku na mchana, na hata kijana mwenyewe anaweza kupiga bila wewe kuwepo. Afisa ustawi wa jamii wa kata naye ni mtu wa kumwona. Kampuni yako ya simu ipigie leo hii, uripoti ile miamala kwa namba zake za kumbukumbu. Hela kurudi sikuahidi, lakini namba iliyopokea ni ya hapa Tanzania na ina jina la mtu, na kwa polisi huo ni uzi wa kuanzia.

Je, wakisambaza kweli? Wakati mwingine hutisha wakaishia hapo, maana mtu asiyejibu hana faida kwao. Wakati mwingine husambaza, na sitakudanganya kwamba haiwezekani. Ipo huduma ya bure inaitwa Take It Down, inaendeshwa na NCMEC, kituo cha Marekani cha watoto waliopotea na wanaonyonywa, kwa picha na video zilizochukuliwa mtu akiwa chini ya miaka 18. Mnaichagua video kwenye simu, huduma inatengeneza alama yake ya kidijitali, na ni hiyo alama tu inayotumwa. Video yenyewe haitoki kwenye simu. Mitandao iliyojiunga, ikiwemo Facebook, Instagram na TikTok, huitumia alama hiyo kuitambua video na kuiondoa. Hiyo ni sababu nyingine ya kutoivunja simu. Kwenye makundi ya WhatsApp huduma hiyo haifiki, kwa hiyo huko mtegemee watu: zungumza mapema na mwalimu wa malezi shuleni, na mwalimu wa kwaya kwa kuwa ametajwa. Waambie kwa kifupi tu kwamba mtoto anatishiwa na matapeli, na kwamba wakipokea chochote kutoka namba ngeni wasifungue wala kusambaza, wakujulishe. Ukiwahi wewe kusema, nguvu ya mhalifu inapungua nusu.

Baadaye, mkishatulia, simu irudi kwa masharti. Akaunti iwe ya faragha, apokee ujumbe kwa anaowajua tu, na usiku simu zote za nyumbani, yako ikiwemo, zichajiwe sebuleni. Yule mtoto wako mwingine hukunitajia umri wake. Kama hajafika miaka 13, Instagram na TikTok kwa kanuni zao wenyewe hazimruhusu, msimfungulie.

Limebaki la baba. Najua unatamani umfiche. Usimfiche, maana akilisikia kwa mtu wa tatu litakuwa kubwa mara mbili, na mwanao atakuwa amefundishwa kwamba nyumba hii ina siri za kumkimbia baba. Lakini usimpigie akiwa barabarani. Subiri ameegesha, ameshakula, ndipo umpigie, umalize naye hasira yake huko huko aliko, siku mbili tatu kabla hajafika. Anza na lililofanyika: tumeshakwenda polisi, RB hii hapa, hatulipi. Mwanaume mwenye hasira akipewa kazi hutulia upesi, kwa hiyo mpe kazi: aifuatilie kesi kituoni, yeye ndiye aulizie kila wiki imefika wapi. Umwambie wazi kwamba kijana anaogopa kipigo chake kuliko anavyowaogopa matapeli, na kwamba kiboko Ijumaa hii kinaweza kutupotezea mtoto. Kama ukimsikia bado anafoka, kijana aende kwa mjomba wake hadi Jumapili, na mjomba ajue sababu.

Jumamosi wakiandika tena kwa namba nyingine, msijibu. Pigeni skrinishoti, mumbloku, mkaiongeze kwenye jalada lilelile.

Shangazi